Kitabu Kilichonyamazisha Cherehani Arobaini

Kijiwe chetu kiko chini ya dirisha la kiwanda cha kushona sare, na tumezoea kupiga soga kwa makelele, maana cherehani arobaini hazina adabu. Jana saa nne zilinyamaza zote kwa mpigo. Nakiri, nilisisimka. Leo bado kimya, na kisa ni kitabu. Kule ndani mmoja husoma kwa sauti, wenzake humshonea fungu lake. Msimamizi alimpokonya, akakichana, akakitupa dirishani. Hakuna aliyeshona tena.

— Karatasi tu, jamani! alisema Redio, kinyozi wetu. Mimi nimenyoa vichwa miaka ishirini, sijasimamisha hata feni.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, akajibu Waziri, fundi viatu. Ndiyo maana wasomaji wote wana vibiongo.

— Kwani kinahusu nini? nikauliza.

— Wachimba chumvi waliogoma, akasema Mzee Birika akimimina kahawa. Mpwa wangu ndiye msomaji.

— Basi ni wino! akadakia Redio. Wino wa siku hizi una dawa. Ukinusa ukurasa tu, unaanza kudai haki.

— Wino wapi! akabisha Waziri. Serikali zote huangushwa na wenye miwani. Ukiona mtu kanunua miwani, hama nyumba.

— Mkeo si ana miwani?

— Unadhani kwa nini nalala kwa kaka?

— Acheni mzaha, akasema Birika. Yule mtoto nilimfundisha herufi kwenye makopo ya sukari. Leo watu arobaini wamesimama kwa sauti yake. Najivuna, na naogopa.

Kweli, ilitisha. Mara mpwa mwenyewe akatokea, kitabu mkononi, vipande alivyookota vimefungwa kwa uzi wa kushonea.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Mwenye kiwanda katuita kesho, anataka tuingie ofisini mmoja mmoja. Wale wa chumvi nao waliitwa vivyo hivyo, na kusoma kwangu kulikuwa kumefika hapo hapo. Kurasa za mwisho hazipo. Hamkuziona hapa chini?

Mjomba akatazama jiko. Sote tukatazama jiko. Asubuhi mkaa ulikataa kushika, naye akaokota karatasi palepale chini ya dirisha.

— Zimechemsha kahawa, mwanangu. Nisamehe.

Hakulia. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

— Hata mmoja wenu hakusoma kabla hazijawashwa? Wale wa chumvi waliingia mmoja mmoja, au waliingia wote?

Redio akainamia viatu vyake. Waziri akaokota kiatu kilichokwisha kushonwa, akaanza kukishona upya. Mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa ile mkononi, bado ya moto, na sikuweza kuinywa.