Nyayo Juu ya Kuba

Kwenye treni, fundi rangi alikuwa akimwungamia mama asiyemjua. Mimi nilikuwa nimenyoosha miguu, na viatu vyangu, juu ya kiti kitupu cha mbele, nikijifanya natazama dirishani.

"Mama, siku tatu nimepanda na viatu kupaka rangi lile kuba la Wabudha, wanaliita stupa. Halina mlango, watu wanalizunguka tu wakiomba. Nikaona, ah, tofali tupu hizi."

"Ungejuaje, baba? Si dini yako, na hakuna aliyekukataza."

"Ndicho kinachoniuma! Kila jioni mtawa mzee alipanda na kitambaa, akafuta nyayo zangu, na asubuhi akanikaribisha chai. Leo ndiyo nimemfuma."

"Basi kosa ni lake. Angesema!"

"Mama, msikitini kwetu navua viatu. Juzi nilipaka kanisa, nikavua pia. Pale nilikosa mlango, nikakosa na haya."

Mama alikuwa bado anataka kubisha treni iliposimama. Nikashusha miguu upesi, lakini dada aliyepanda alikuwa ameshaniona. Akatoa leso, akafuta kiti, akanisalimia kwa upole, akakaa.