Nyumba Sita za Bwana Mvua, na Mahali Alipolala Mkewe

Marehemu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa mpiga pasi na mshona mashuka. Kabla hajaanza shule, familia yao ilikuwa imetolewa vyombo nje mara nne. Tangu hapo neno nyumba halikumtoka mdomoni.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1976, kisha akaenda chuo cha ufundi na kutoka fundi bomba. Hesabu alizijua sana. Mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma.

Alifunga mabomba ya watu kwa miaka mingi, na mwaka 1989 akanunua kiwanja chake cha kwanza. Jina la Bwana Mvua alilipata kazini. Mvua ikianza, wenzake walikimbilia barazani, yeye akavaa buti kwenda kutazama viwanja. Siku moja dalali alimwapia kwamba eneo lile halijawahi kutuama maji. Wakati huo wote wawili walikuwa wamezama hadi magotini. Marehemu akamwuliza, "Ndugu yangu, unaniuzia kiwanja au bwawa?" Dalali akajibu kwamba hiyo ilikuwa mvua ya leo tu.

Vijana waliotaka kuanza kununua nyumba walimfuata kila Jumapili, na hakuwaficha kitu. Aliwaambia wamwulize jirani kabla ya kumwuliza muuzaji, kwa sababu jirani hana fungu lake katika bei. Waende ofisi ya ardhi kwa miguu yao, wasitume mtu, wakaone kama jina lililoandikwa kule ndilo la yule anayenyoosha mkono kupokea pesa. Wakinunua nyumba kuukuu, waanze na paa na choo, rangi ije mwisho, maana hakuna mpangaji aliyehama kwa sababu ya rangi. Na mpangaji anayelipa vizuri wasimchokoze kwa kumpandishia kodi ovyo. Nyumba ikikaa tupu miezi mitatu imeshakula nyongeza yote waliyokuwa wanaitamani. Waliomsikiliza leo wana nyumba zao, na baadhi yao wamesimama hapa.

Tarehe 17 Novemba 1990 alifunga ndoa. Mkewe shule hakuiona, lakini zege alijifunza kulikoroga. Walianza maisha katika nyumba ya kwanza ikiwa haina mlango, wakatundika gunia. Mke alimwagilia matofali na kulinda mifuko ya saruji huku akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Nyumba ilipopata milango, dari na taa, marehemu akasema ni hasara kukalia vyumba vinavyoweza kuleta kodi. Wapangaji wakaingia, wao wakahamia kwenye kuta tupu za nyumba ya pili. Ikawa hivyo kwa ya pili na ya tatu, mpaka ya sita. Kila walipofunga vyombo alimwambia, "Vumilia kidogo, mama. Inayofuata ndiyo yetu."

Watoto wanne walizaliwa katika nyumba nne, na hakuna aliyezaliwa chini ya dari. Mkewe alipopita mtaani aliona mapazia ya wanawake wengine kwenye madirisha aliyoyasugua kwa mikono yake. Aliwasalimia, akapita. Wapangaji hakuwachukia. Hasira yake aliijua mwenyewe.

Na lisemwe pia lililo jema. Marehemu hakunywa pombe, hakumwinulia mkewe mkono, na watoto wote aliwasomesha bila kurudishwa nyumbani kwa ada.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Alipokuwa amelazwa, alikuja kinyozi wa mtaani kwetu, aliyekuwa akijiandaa kununua nyumba yake ya kwanza. Mke alikuwa nyuma ya pazia la wodi akikunja nguo. Kinyozi akauliza aanze na vyumba vingapi vya kupangisha. 

"Anza na cha mkeo," marehemu akamjibu. "Kiwe na mlango, kiwe na dari. Vingine utahesabu baadaye. Mimi nilianza kinyume, na sasa nguvu za kugeuza sina."

Mke alibaki amesimama na shuka mkononi. Miaka thelathini na tatu aliyasubiri maneno hayo, na yalipotoka akaambiwa kinyozi. Kinyozi yupo hapa, mwenye shaka amwulize.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 2 Machi 2024.

Kesho yake ukoo ulikaa. Kaka mkubwa wa marehemu alishauri mjane abaki nyumba ya sita, ambayo bado haina madirisha, ili kodi za nyumba nyingine zisiguswe. "Shemeji amezoea," akasema, na wanaume wakaitikia kwa vichwa.

Mjane akamjibu, "Kuhama nako nimezoea, shemeji."

Siku hiyohiyo alibeba kitanda hadi nyumba ya tatu, ambayo mpangaji wake alikuwa ametoka mwisho wa Februari. Dalali mmoja aliyeleta mteja wa kupanga alimkuta anatundika pazia. Akaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Akauliza na nani.

"Na mwenyewe."

Kitasa kimebadilishwa jana.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja. Baada ya mazishi wote mnakaribishwa chai nyumbani kwa mjane, geti la kijani mkabala na shule ya msingi. Anayekuja abishe hodi, akiwemo shemeji.

Naye Bwana Mvua apumzike. Safari hii hakuna wa kumhamisha.