Dawa ya Dip na Paka wa Mbinya

Benchi la kahawa la Hemedi lilikuwa nyuma ya soko la Kitui, kwenye ukuta wa ghala la pamba lililofungwa, na mwaka ule wa 1978 lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na Musembi, tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na pa kumzimia. Kulikuwa na Kiilu, aliyeendesha lori jeshini akarudi bila alama hata moja begani, lakini tukamwita Sajini. Na kulikuwa na Mwangangi, ambaye zamani alifungua geti kwenye dip, lile josho la kuua kupe wa ng'ombe. Huyo alikuwa Daktari. Mimi nilishona viatu hapo kando, kwa hivyo niliyasikia yote.

Siku moja ya soko alifika Mbinya, mjane kutoka upande wa Mulango.

— Hamjambo wazee. Mbwa wangu amejaa kupe. Masikioni, katikati ya vidole, kila mahali. Sasa hata paka ameanza kuwapata. Niweke dawa gani?

Redio ndiye alianza.

— Mafuta ya taa, Mama Kalunde. Mpake mwili mzima. Kupe akose kupumua.

— Na mbwa atapumua? — Hemedi akauliza.

— Mbwa anapumua kwa mdomo, bwana.

Sajini akatikisa kichwa.

— Jeshini mbwa tulikuwa tunawapaka oili chafu. Lakini iwe ya lori. Oili ya gari ndogo haina nguvu, kupe wanaizoea.

Daktari aliwangoja wamalize.

— Nyinyi mnacheza. Dawa ya kupe ni ya dip. Nimeona ng'ombe wakiingia pale wamejaa kupe na kutoka safi. Nina chupa nyumbani, nitakupatia.

— Lakini hiyo si ni ya ng'ombe? — Mbinya akauliza.

— Kwani kupe anajua amekaa kwa ng'ombe ama kwa mbwa?

— Na paka je?

— Paka ni mbwa aliyekataa kukua.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mbinya hakucheka. Alisema huyo paka ndiye analala kwenye dari ya jikoni, mahali ameweka mbegu za mahindi na pojo akingoja mvua. Bila yeye panya wangemaliza zote.

— Kwa hivyo nimwogeshe na ile ile?

— Ile ile. Na usimsuuze, dawa ikae.

— Mama Kalunde, — Hemedi akasema, — si upitie ofisi ya mifugo uulize kwanza?

— Huko? — Sajini akadakia. — Utaambiwa mkubwa ameenda field. Ukirudi wiki ijayo, ameenda semina.

Na hapo hakusema uongo. Sote tuliijua hiyo ofisi. Mbinya mwenyewe alikuwa ameshapita hapo asubuhi, akakuta mlango umefungwa. Alipitia kwa Daktari, akaenda na ile chupa.

Soko lililofuata alirudi. Daktari alimwona kwa mbali, akanyoosha miguu.

— Eh, mbwa yuko namna gani?

— Mbwa ni mzima. Kupe wameanguka.

— Si niliwaambia!

— Paka amekufa.

Daktari akairudisha miguu chini ya benchi.

— Nilipomwachilia alianza kujilamba, — Mbinya akasema. — Unajua paka akilowa. Alijilamba mwili wote mpaka mapovu yakamtoka mdomoni, akaanza kutetemeka. Mwanangu Kalunde alimshika mapajani akilia. Nilimpa maziwa, hakumeza.

— Maji ulichota wapi? — Daktari akauliza haraka.

— Kisimani.

— Hapo ndipo uliharibu! Maji ya chumvi yanageuza dawa.

— Alikuwa wa rangi gani? — Sajini akauliza. — Wa mabaka? Hao damu yao ni nyepesi. Jeshini hatukuwaruhusu kambini.

— Ngoja, ngoja, — Redio akasema. — Huyo alikula panya, na panya alikula sumu kwa jirani. Jirani yako ni nani?

— Kilonzo.

— Yule mlikosana juu ya mpaka!

— Kilonzo ndiye alinichimbia shimo la kumzika.

— Umesikia? Mbona alikuwa na haraka hivyo ya kuchimba?

— Ya kuficha ushahidi, — Sajini akasema.

— Tena huyo Kilonzo hata kanisani siku hizi haonekani, — Daktari akaongeza, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kabla vikombe havijaisha, Kilonzo alikuwa ameshahukumiwa. Dawa haikutajwa tena. Mbinya alikuwa bado amesimama pale pale, kiondo mgongoni, akiwangoja wamalize kama mtu aliye kwenye foleni.

— Sikuja kwa hayo, wazee, — akasema. — Panya wameingia kwa mbegu, wamekula nusu. Na mawingu mnayaona. Natafuta mtoto wa paka. Nani kati yenu ana paka nyumbani?

Redio alimwangalia Sajini. Sajini akamwangalia Daktari. Daktari alikuwa ameinamia kikombe kilichobaki mashapo tu.

— Hata mmoja? — Mbinya akauliza.

Alifunga leso yake vizuri, akatuaga kwa heshima, akaenda kuuliza kwa wauza nafaka.

Mvua ilianza wiki hiyo hiyo. Mbinya alipanda nusu ya shamba.