Komeo, Mlinda Mlango Aliyewarudisha Wenzake Uwanjani

Marehemu mjomba wetu, ambaye mji mzima ulimwita Komeo mpaka mama yake mzazi naye akasalimu amri, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mpakiaji mizigo kwenye stesheni ya reli, na mama yake alikuwa fundi cherehani. Mpira wake wa kwanza aliushona mama huyo kwa vipande vya vitambaa, na bibi aliyeishi nao alilalamika kwamba nyumba ile ilikuwa na mipira mingi kuliko mito ya kulalia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Darasani hakuwa wa kusifiwa wala wa kufukuzwa. Golini alifikishwa na kuchelewa. Mama alimtuma kila jioni kupeleka nguo kwa wateja, na aliyefika uwanjani wa mwisho ndiye aliyewekwa golini. Siku aliyowahi, wenzake walimpeleka golini vilevile, maana hakuna aliyetaka tena kucheza bila yeye huko nyuma. Mwalimu wa michezo alisema mtoto huyu akisimama pale, mlango umefungwa kwa ndani. Hapo ndipo jina la Komeo lilipozaliwa.

Mwaka 1966 alianza kujifunza kuchomelea vyuma, na mwaka 1981 akafungua karakana yake, iliyotengeneza mageti na madirisha hadi alipostaafu mwaka 2016. Magoli ya uwanja wa klabu yetu aliyachomelea yeye. Wapinzani wakalalamika kwamba kipa amejitengenezea goli jembamba, na refa akaja na tepu kupima mbele ya watu wote. Goli likakutwa limezidi kidogo kwa upana. Marehemu aliomba radhi, akalikata upya, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita mjanja.

Alijiunga na klabu mwaka 1969. Msimu wa 1974 ulipokaribia, klabu kubwa zilichukua wachezaji wetu wote waliotoka nje ya mji, tukabaki na watoto wa hapa hapa: nahodha akiwa kinyozi, beki wa kati mwalimu, na winga kijana mfupi wa sokoni aliyeitwa Kiberiti kwa sababu aliwaka haraka. Gazeti liliandika kwamba tutavuja kama chujio. Chujio hilo likafika fainali ya kombe.

Fainali ilichezwa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1974, ugenini, mbele ya watu waliokuja kuona tunavyopigwa. Kiberiti alifunga kipindi cha pili. Mpira ukielekea ukingoni, refa akawapa wenyeji penalti. Marehemu aliruka kushoto, akaupangua mpira kwa ncha za vidole, na kidole cha shahada kikavunjika. Nahodha akamtaka atoke akatibiwe.

"Kidole kitangoja," marehemu akamjibu. "Kombe halingoji."

Aliumaliza mchezo kwa mkono mmoja na nusu, na kombe likaja nyumbani. Kikosi kizima, kumi na mmoja wote, walikuwa wamezaliwa katika mji huu. Watu walikesha barabarani, na baba yake, aliyekuwa amezoea kubeba mizigo ya wengine, siku hiyo alimbeba mwanawe.

Kidole kile ndicho kilichomletea mke. Aliyekifunga alikuwa muuguzi wa kule kule ugenini, ambaye hakujali mpira hata kidogo, na alimwambia kwamba mtu mwenye akili hukwepa kitu kinachomjia kwa kasi. Marehemu alirudi kukaguliwa kidole hata baada ya kupona. Alipokwenda kuposa, baba wa binti, shabiki sugu wa timu iliyofungwa, alikitazama kidole kile.

"Kombe mmechukua," akasema, "sasa mnataka na binti."

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa watoto wanne. Mkwe huyo alikuja kuwa rafiki yake mkubwa, ingawa hadi anafariki alishikilia kwamba ile penalti ilipaswa kurudiwa.

Miaka ikapita. Klabu ikakua, ikapata nyota kutoka mbali, na wana wa 1974 wakasahaulika. Mwaka jana klabu ilipoandaa sherehe ya miaka hamsini ya kombe, wageni wengi walialikwa isipokuwa waliolileta. Marehemu na nahodha wake walikwenda ofisini. Katibu, kijana mwenye heshima zake, aliwauliza kama wana picha ya kikosi, kwa kuwa klabu ilipoteza yake.

"Picha hatuna, mwanangu," marehemu akasema. "Tupo wenyewe."

Katibu akasimama na kuwapa viti.

Katika wale kumi na mmoja, sita walikuwa hai. Marehemu alizunguka kwa mabasi, huku moyo wake ukiwa umeshaanza kuchoka, akiwatafuta. Kwa kila aliyetangulia alitafuta mjane au mtoto. Mke wake alimkataza, akaona hasikii, akaanza kumfungia dawa na chakula cha njiani.

Siku ya sherehe waliingia uwanjani kumi na mmoja kamili, Kiberiti akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mjane wa yule mwalimu akiwa amevaa jezi ya mumewe juu ya gauni. Mtangazaji hakuwajua, akampa marehemu kipaza sauti. Akawataja mmoja mmoja: jina la utani, mtaa aliozaliwa, kazi aliyofanya. Kila mtaa ulipotajwa, watu wa mtaa huo walisimama, mpaka hakukuwa na aliyebaki ameketi. Jina lake hakulitaja. Alirudisha kipaza sauti, na uwanja mzima ukalitaja kwa niaba yake. Sisi wa familia tulikuwa pale. Jukwaa la mashariki sasa linaitwa Wana wa Mji.

Mwezi Januari moyo ulimzidia, akalazwa. Jumamosi tarehe 15 Februari 2025 alisikiliza mechi ya klabu kwenye redio ya wodini, akasinzia kabla haijaisha. Alipoamka alimuuliza mkewe kama kipa wetu alifungwa. Mkewe, ambaye kwa miaka hamsini alijidai hajui mpira, alimjibu kwamba hakufungwa, na akampa matokeo ya mechi nyingine zote. Marehemu alicheka, akaomba chai. Alifariki asubuhi iliyofuata, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, mabinti watatu na mwana mmoja, wajukuu tisa, dada wawili, sisi wapwa wake tusiohesabika, na wenzake watano wa kikosi, ambao leo ndio waliolibeba jeneza lake pamoja na watoto wao, Kiberiti akitangulia mbele.

Mjomba, umelinda vya kutosha. Pumzika kwa amani, ushindi ni wako.