Nyuso Alizoziacha Bila Macho

Mdogo wake marehemu, aliyepewa na familia kazi ya kusoma historia hii, alianza kwa kutangaza kwamba marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, ambayo ni tarehe yake yeye msomaji, hadi shangazi alipomwambia, "Wewe bado upo, baba, soma ya mwenzako," waombolezaji wakaziba midomo, naye jasho likamtoka, maana wiki hii hajahitaji kikubwa cha kumtoa jasho.

Marehemu, basi, alizaliwa tarehe 2 Juni 1969, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi mwaka 1977 hadi 1983, ambako alichapwa kwa kumchora mwalimu wa hesabu akiwa na vidole virefu kama reki, na mwaka 1992 akaajiriwa kiwandani kuchora mabango ya sabuni, mpaka alipoacha akisema tabasamu zimemchosha.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1998 na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, na katika chumba cha nyuma cha nyumba yao akatumia miaka sita kuchora kitabu cha kutisha, kurasa tisini na sita za wino mweusi, kuta zimepinda, ngazi zinaning'inia hewani, kila uso ni wa mtu anayemfahamu, ila macho hakuyaweka, kwani desturi yake ilikuwa kuyaacha yote hadi siku ya mwisho, ili nyuso zisimwangalie akiwa kazini.

Ini lilianza kumsumbua Januari, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne iliyopita saa nne asubuhi, baada ya kumshika mdogo wake mkono na kumwambia, "Macho utaweka wewe."

Familia inawashukuru madaktari waliokesha naye, majirani walioleta viti, na wenzake wa kiwandani, naye kaka, wino umekauka, apumzike salama.

Hapo msomaji alipaswa kukaa, lakini akakunja karatasi, akakiri kwamba Alhamisi mchana aliingia chumba kile na brashi, akafika ukurasa wa arobaini, akakuta pua yake mwenyewe, kipara chake, mdomo wazi, na pa macho peupe, akatoka mbio kiatu kimoja kikabaki, na kwamba katika safari zake amelala kwenye stesheni za treni za nchi kumi na moja bila kuogopa kitu, ila chumba kile hakirudii, kaka amsamehe.

Mjane, safu ya mbele, hakuinua hata kichwa.

"Shemeji, macho nimeshaweka mimi, na yako pia. Kaa chini."