Siku Pasipoti Alipopanda Ndege

Benchi la kijiwe kile lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukiegemea ukuta wa studio ya picha. Ncha ya kulia alikaa Cherehani, fundi nguo, mtu wa maneno machache, sindano mbili tatu zimechomekwa kifuani pa shati lake. Ncha ya kushoto alikaa mdogo wake wa tumbo moja, Breki, fundi pikipiki, mikono myeusi kwa grisi hata siku za mapumziko. Ndugu hawa walikuwa na mwaka wa nne hawasemeshani, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake kijiwe, wote walikuja kila asubuhi na kupelekeana maneno kupitia watu wa katikati. Katikati ndipo alipokaa Katibu. Katibu alistaafu ofisi ambayo hakuna aliyejua ilikuwa ikifanya nini, ila alitoka huko na kalamu tatu mfukoni na jibu la kila swali. Kahawa aliimimina Mama Birika. Naye mwenye studio, ambaye habari hii ni yake, aliitwa Pasipoti, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba aliwapiga picha za pasipoti wasafiri wa mji mzima, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika hata kwenye lango la uwanja wa ndege.

Asubuhi hiyo Pasipoti alikuwa na habari, na aliikalia mpaka kikombe cha pili.

— Jumamosi napanda ndege, alisema.

— Unakwenda wapi? aliuliza Mama Birika.

— Siendi popote. Inapaa, inazunguka, inarudi palepale.

— Sasa hiyo si safari, hiyo ni kizunguzungu.

Pasipoti akaeleza. Kampuni ya ndege za matembezi, ile yenye kindege cheupe kinachopita juu ya mtaa kuwapeleka watu kutazama maporomoko, ilitaka picha za kalenda yake. Mpiga picha wao alikuwa amevunjika mkono. Mtu akamtaja yeye.

— Picha ya angani ina taabu zake, alisema Katibu, akiweka kikombe chini ili mikono iwe huru kufafanua. Kule juu hewa ni nyepesi. Kamera ikikosa hewa inachanganyikiwa kama mtu. Inakuonyesha kitu kisichokuwapo.

— Kamera inavuta hewa? aliuliza Breki.

— Kila chenye tundu kinavuta hewa. Tena ndege inakwenda mbele, kwa hiyo nyumba zinakwenda nyuma. Unapiga picha ya nyumba ya mtu, inatokea ya jirani yake. Ofisini kwetu tulikuwa na faili zima la kesi hizo.

Cherehani alichomoa sindano moja kifuani, akaichomeka tena. Sasa akamgeukia Katibu.

— Mwambie mpiga picha, akipita juu ya mtaa aupige ule ua wetu. Tuone nani aliusogeza.

— Mwambie huyo aliyesema, alijibu Breki akitazama barabarani, kwamba ombi langu ni hilohilo. Kaniwahi tu.

Ua wenyewe ulikuwa wa michongoma. Baba yao aliwaachia viwanja viwili vilivyo sawa, bega kwa bega, na ua katikati. Miaka minne nyuma Cherehani alitaka kujenga chumba cha uani, akahisi kiwanja kimebana. Breki naye akahisi hivyohivyo. Wakamwita Katibu, mtu wa ofisi, aje kupima. Katibu alipima kwa kamba na hatua, akamchukua kila mmoja pembeni na kumnong'oneza kwamba kiwanja chake kimepungua, na kwamba yeye hapendi kugombanisha ndugu, lakini ua una miguu. Tangu siku hiyo wake zao wakaacha kuazimana sufuria, na watoto wakakatazwa kucheza pamoja.

— Picha si kipimo, alisema Katibu. Wahenga walisema.

— Walisema nini? aliuliza Mama Birika.

— Walisema mengi.

Benchi lilipotawanyika, Katibu alibaki nyuma. Alimshika Pasipoti kiwiko kwa upole.

— Mdogo wangu, hiyo picha ikitoka, nionyeshe mimi kwanza. Watu hawa wana hasira. Lazima mtu mzima aitazame.

Pasipoti aliitikia, kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Studio ile ilikuwa kibanda cha Katibu. Studio yake ya kwanza ilipobomolewa kupisha barabara, kila mlango aliobisha ulifungwa, ila Katibu alimpa ufunguo siku ileile, na mvua ikinyesha akamsaidia kubeba taa. Mambo kama hayo mtu hayasahau.

Jumamosi alipanda. Aliketi nyuma ya rubani, dada mmoja mdogo aliyekuwa akitafuna karanga na kuendesha kwa mkono mmoja, jambo lililomfanya Pasipoti asome kila sala aliyofundishwa na mbili alizozitunga hapohapo. Abiria walikuwa watano, wamevaa miwani ya jua, wametoka mbali kuja kuyaona maporomoko. Ndege ilipoyafikia, wote watano waligeuza migongo dirishani, wakainua simu zao na kujipiga picha nyuso zao wenyewe. Mmoja hakuridhika na tabasamu lake, akaomba ndege irudi. Rubani akarudi. Maporomoko yalipigwa na Pasipoti peke yake, na ndege ilimtikisa hata akaogopa kwamba kalenda nzima itakuwa na maji yanayokwenda pembeni.

Wakati wa kurudi woga ulikuwa umempungua. Ndege ikainama kidogo kutafuta uwanja, na mara mtaa wake ukawa chini ya dirisha. Aliutambua kwa tangi la maji la shule. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mdogo, unaweza kuufunika kwa kiganja. Akapiga picha saba mfululizo, akashusha kamera, kisha akatazama kwa macho yake mwenyewe, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

Alichapisha picha moja kati ya hizo siku ya Jumapili, kubwa, ukubwa wa meza ndogo ya chai. Akaiweka sakafuni akaiinamia, mkasi mkononi. Mkewe alimkuta hivyo na mchana aliporudi akamkuta vilevile.

— Huo mkasi wa nini?

— Nafikiri niikate hapa pembeni. Ipendeze.

Mkewe akapiga magoti akatazama. Hakuwa mtu wa vijiweni, ila macho alikuwa nayo. Alitazama kile alichokuwa akikitazama mumewe.

— Kibanda ni cha Katibu, alisema Pasipoti.

— Najua ni chake.

— Akinitoa tutakwenda wapi?

— Sijui. Lakini kila siku nakusikia unawaambia wateja masikio yote mawili yaonekane. Leo unataka kumkata mtu sikio.

Aliuchukua mkasi akaenda nao jikoni kukatia mboga.

Jumatatu Pasipoti hakumwonyesha Katibu kwanza. Alitoka na picha imekunjwa kwapani, akaitandaza kwenye benchi mbele ya wote, vikombe vinne vikawekwa pembeni kuishikilia. Katibu alimtazama mara moja tu, kisha akatafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko mfuko wenyewe ulivyohitaji.

Kila mtu alitafuta bati lake.

— Hapa ni kwangu, alisema Mama Birika. Hii nguo niliyoanika. Na nguo hii ilipotea Jumamosi. Kumbe saa hizo ilikuwa bado ipo.

— Ua huu hapa, alisema Breki.

Wakaukodolea macho wote. Ua wa michongoma ulikuwa umenyooka kama mshono. Cherehani akaweka kidole upande wake, akapima kwa sindano, akaweka upande wa mdogo wake, akapima tena. Upana ulikuwa sawa.

— Mwulize, Cherehani alimwambia Katibu, sauti imepungua, kama anaona ninachokiona.

— Msiharakishe, alisema Katibu. Picha imepigwa saa ngapi?

— Saa sita mchana, alijibu Pasipoti.

— Basi. Jua la utosini linanyoosha vitu. Ua uliopinda ukipigwa na jua la saa sita unanyooka, jua likishuka unarudi ulivyokuwa.

— Miti inanyooka na kupinda kila siku? aliuliza Mama Birika.

— Polepole, ndiyo maana hamuoni.

— Lakini ndege nayo ilikuwa imeinama, alisema Breki, ambaye miaka minne ya hasira haikutaka kumtoka asubuhi moja. Pasipoti, si uliniambia iliinama?

— Kidogo.

— Hapo sasa, alisema Katibu, akichangamka. Ndege ikiinama na ua ukawa umepinda, kupinda kwa huku kunafuta kupinda kwa kule. Ni hesabu. Na tusisahau dunia ni mviringo. Ukipanda juu sana, katikati kunavimba, pembeni kunabana. Kitu kilicho sawa kinaonekana si sawa, na kisicho sawa kinaonekana sawa. Kwa hiyo picha hii, kwa kuwa inaonyesha usawa, ni ushahidi kwamba usawa haupo.

Cherehani alianza kutikisa kichwa kukubali. Alionekana kutojua anakubali nini, ila yalikuwa yamesemwa kwa mtiririko mzuri. Pasipoti alitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa ameileta picha nzima, na alijiambia hiyo ndiyo kazi ya mpiga picha, kuonyesha. Kusema ni kazi ya wengine.

Wakati huo akafika mwanamke mgeni, wa makamo, bahasha mkononi, kitambaa chake kimefungwa vizuri kama mtu aliyejiandaa.

— Hamjambo. Nimeelekezwa hapa kwa picha za pasipoti.

— Hatujambo, mama. Karibu, nakuja, alisema Pasipoti.

Mgeni akasubiri, na kwa kusubiri akachungulia picha iliyotandazwa.

— Kumbe ndio mtaa huu. Nimepita hapa sasa hivi, alisema, akifuata kwa kidole. Mmepangwa vizuri. Kuta za nyuma zote mstari mmoja, toka shuleni mpaka huku mwisho.

Kidole kikasimama.

— Ila hapa katikati ukuta umetoka tumbo. Umeingia kwa huyu, ukaingia na kwa huyu wa pili, nyuma ya hii migomba. Viwanja vyao vimebaki vifupi, maskini. Hili bati jekundu lenye mabanda ya kuku ni la nani?

Mama Birika aliacha kumimina. Breki aliinama, uso karibu na picha, midomo ikihesabu. Kwa miaka minne walikuwa wamepima upana, kila mmoja upande wa ndugu yake. Nyuma, penye migomba na harufu ya mabanda, hakuna aliyekwenda kutazama, kwa kuwa huko hapakuwa na ndugu wa kumlaumu.

— Nimeuliza vibaya? aliuliza mgeni.

Mtaa ule ulikuwa na bati jekundu moja tu, na mwenye nalo alikuwa ameketi katikati yao, kalamu tatu mfukoni, ameshika kikombe kitupu na kukinywa.

Cherehani alisimama. Alipita mbele ya Katibu bila kumtazama, akaenda mpaka ncha ya kushoto ya benchi.

— Breki, alisema. Una futi kamba?

Breki alimtazama kaka yake kana kwamba ameamshwa usingizini.

— Ipo gereji, kaka.

— Kailete. Mimi nitakusubiri kwenye migomba.

Wakaondoka wote wawili, kila mmoja na njia yake, kwa haraka moja. Katibu alikaa kidogo. Akavua miwani, akaifuta, akamgeukia Pasipoti na kusema taratibu, bila ukali:

— Kibanda nitakihitaji mwisho wa mwezi, mdogo wangu.

— Sawa, kaka, alisema Pasipoti. Taa zangu ni mbili tu, nitazibeba.

Kisha akamfungulia mgeni mlango wa studio, akamketisha kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe. Akawasha taa zote mbili.

— Unasafiri kwenda wapi, mama?

— Kwa dada yangu. Hatujaonana mwaka wa tisa.

— Basi inua kidevu, alisema Pasipoti, nikupige picha dada yako akutambue.