Safari Ambayo Mzee Taratibu Hakuiendesha

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye usukani wa gari la wagonjwa la hospitali yetu, Mzee Taratibu anastaafu. Jina lake la cheti cha kuzaliwa limo katika majalada ya ofisi ya utumishi, na huko likae kwa amani. Hapa kazini, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, hakuna anayelitumia. Wasifu huu umeandikwa na dereva mwenzake wa gari la pili, ambaye Mzee Taratibu alimpachika jina la Sakafuni, kwa maana ya zile mbio zinazoishia ukingoni. Anayeandika ameshalizoea jina hilo, na halimchomi tena.

Mzee Taratibu alikuja kwetu akitokea kwenye lori la mizigo, utingo aliyechoka kulala juu ya magunia. Alianza kwa kuosha magari. Siku moja dereva wa wakati ule alizidiwa na homa, mwenzetu akaambiwa alisogeze gari kutoka juani. Alilisogeza kwa utulivu hata mgonjwa aliyekuwa ndani akichomwa sindano hakujua kama limeondoka. Wakubwa walioshuhudia hawakuhitaji ushahidi mwingine.

Gari la kwanza alilokabidhiwa alilipa jina la Bi Mkubwa, na kila gari lililofuata likarithi cheo hicho. Mke wake, ambaye sote tunamwita Shemeji, huwaeleza wageni kwa uso mkavu kwamba katika ndoa ile yeye ni mke mdogo. Anasema Bi Mkubwa huogeshwa kila asubuhi, ilhali yeye hata kumiminiwa maji ya kunawa mikono hajawahi.

Mwendo wake uliwapa wauguzi cha kusema. Walidai mgonjwa aliyevunjika mguu anaweza kuungika njiani kabla ya kufika. Lakini muuguzi aliyepanda naye mara moja hakupenda tena kupanda na mwingine, kwa kuwa ndani ya Bi Mkubwa mrija wa dripu haukuchomoka hata siku moja. Barabara aliijua kama mtu anavyoujua mdomo wake gizani. Mashimo makubwa aliyapa majina ya vyeo vya hospitali, kila shimo kwa ukubwa wake. Mkurugenzi wetu wa sasa, wiki yake ya kwanza kazini, aliomba lifti, akasikia dereva akimwambia muuguzi nyuma, "Shikilia vizuri, dada, sasa hivi tunamkanyaga Mkurugenzi." Tunamshukuru kwa kucheka. Wiki iliyofuata alituma vifusi, na shimo likafukiwa. Tangu hapo cheo hicho kikahamia kwa lile linalofuatia.

Kabla ya kila safari aliinamisha kichwa akaomba dua, kisha akashuka na kufuta vioo vyote kwa kitambaa alichokiweka mfukoni mwa shati. Muuguzi mmoja alimuuliza vioo vya nini tena, na Mungu ameshaombwa. Akamjibu, "Mungu analinda, binti yangu, lakini kioo amekuachia ukifute mwenyewe." Maneno hayo yalitosha kuwa mahubiri, na wengine wetu tumeyatumia kwenye ibada bila kutaja yalikotoka.

Miaka michache iliyopita kifua kilianza kumbana kila alipopanda mwinuko wa kwenda stoo ya mitungi ya oksijeni. Alisema ni gesi, akatafuna tangawizi. Kifua hakikujali tangawizi. Shemeji akamshika mkono, akampeleka kwa daktari wetu wa moyo, dada ambaye kwa umri ni sawa na binti yake na ambaye humwita Baba. Vipimo vilionyesha kwamba mishipa inayoulisha moyo wake imekuwa myembamba, na kwamba moyo wenyewe unakwenda mbio hata akiwa ameketi. Kwa kuwa mzee ana pumu, dawa zilizozoeleka za kutuliza mwendo wa moyo hazikumfaa. Akaandikiwa ivabradini, ambayo hupunguza kasi ya mapigo ili moyo upate nafasi ya kupumua.

Habari ilipofika bandani kwetu madereva tulicheka mpaka tukainama. Kumbe mbio zote alizotunyima barabarani alikuwa amezihifadhi kifuani!

Daktari alimweleza mengi. Ameze asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Asiongeze wala asiache bila kumuuliza. Asiitegemee pale maumivu yanapokuja ghafla, maana kwa hilo kuna dawa nyingine ya kuweka chini ya ulimi. Akipata kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au moyo kurukaruka, arudi upesi. La mwisho lilikuwa kwamba anaweza kuona mwanga usiokuwepo, hasa akitoka kivulini kwenda juani, na kwamba akiuona aseme kabla hajagusa usukani. Hilo la mwisho lilimpita. Alikuwa ameshasimama na kuvaa kofia.

Dawa ilimkubali. Mwinuko wa stoo akaupanda huku anapiga mluzi. Lakini haikuchukua muda, kila alipomtoa Bi Mkubwa bandani kwenda kwenye jua la mchana, pembe moja ya macho yake iliwaka kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma, kisha ikazimika. Kazini hakumwambia mtu. Aliyeambiwa ni shangazi yake, mama mwenye sala nyingi, naye alitoa hukumu palepale: "Ni malaika hao, mwanangu. Tulia wakutazame." Jumapili majirani walikuwa mlangoni na chupa za maji wakitaka yaombewe. Mzee aliona haya. "Shangazi," alimwambia, "malaika gani hawa wanaonivizia nikitoka bandani tu? Kivulini hawana ruhusa?" Anayeandika anaamini malaika kwa moyo wote. Anaamini pia kwamba malaika aliyekuja kumsaidia dereva hawezi kumziba jicho.

Baadaye Mzee Taratibu alikiri kwamba alishajua ni dawa, kwa kuwa cheche zilianza nayo. Kilichomfunga mdomo ni ufunguo. Aliona kwamba akisema, watamnyang'anya usukani, na mtu aliyeshika usukani tangu ujana hajui mikono yake ataiweka wapi. Basi akajaribu ujanja: akaiacha dawa kimyakimya. Cheche zikapungua, lakini kifua kikarudi kumbana palepale mwinukoni, safari hii kwa hasira, mpaka akaketi juu ya mtungi wa oksijeni akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Akairudia dawa, na cheche zikairudia kazi yake. Mzee wa watu akawa amekalia kuti kavu, asijue ashike lipi kati ya moyo na macho.

Ikaja siku yenyewe. Ilikuwa adhuhuri, na katika wodi ya wazazi kulikuwa na mama ambaye uchungu ulikuwa umemshinda, mtoto amekaa vibaya, anatakiwa afike hospitali kubwa kwa upasuaji. Njia ya kwenda huko hupita kwenye safu ndefu ya miti, kivuli na jua, kivuli na jua, mpaka mwisho. Mama akapandishwa, muuguzi akapanda, Mzee Taratibu akaomba dua, akafuta vioo, akawasha. Bi Mkubwa akatoka bandani, akafika getini, akasimama.

Mlinzi alidhani ni pancha. Muuguzi akachungulia kwenye kidirisha akiuliza kwa ukali, "Baba, tunasubiri nini, huyu mtu ana maumivu!" Mzee alishuka, akavuka uwanja hadi kwenye benchi ambapo Sakafuni alikuwa anamenya chungwa, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Sakafuni, endesha wewe. Macho yangu yananidanganya."

Ufunguo ule wa Bi Mkubwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kuushika. Hata fundi gereji alipokuja, mzee alimwashia mwenyewe. Chungwa likaanguka, na hakuna aliyeliokota.

Aliketi kiti cha abiria, kofia magotini, akaendesha kwa mdomo. Taratibu hapo. Hapo sasa kanyaga, mbele kweupe. Shika kulia, hapo yupo Mhasibu. Walipoingia kwenye ile miti alifumba macho, na aliyekuwa kwenye usukani akaelewa kilichokuwa kikitendeka nyuma ya kope zile. Sakafuni hajawahi kwenda polepole vile maishani, wala haraka vile. Mama alifika, akapasuliwa, mtoto akatoka na sauti ya kumfukuza mwizi. Wote wawili wapo.

Jioni hiyo Mzee Taratibu alijipeleka kwa daktari, akakiri yote, Shemeji nyuma yake kama askari.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya ufunguo."

"Ningeuchukua kwa muda tu. Lakini kwa hiyo dawa uliyoiacha kimyakimya, kaburi lingekuchukua moja kwa moja."

Shemeji alitikisa kichwa, akaongeza kwamba kaburi lingepata tabu, maana mzee angekwenda nalo taratibu. Wakacheka wote watatu, na mzee akafuta macho, anasema kwa sababu ya kucheka.

Daktari alimwambia cheche zile huwapata baadhi ya wanaotumia dawa hiyo, na kwamba kwa wengi hupungua na kwisha zenyewe. Aendelee na dawa, akae mbali na usukani mpaka zitakapokwisha. Akahamishiwa kwenye meza ya usafirishaji kupokea simu. Simu alizipokea kama anavyoendesha. Wapigaji wengine walikata kabla hajamaliza kuulizia hali ya nyumbani. Cheche zilififia, zikaisha. Macho yakapimwa, mapigo yakapimwa, na daktari mwenyewe akamrudishia ufunguo mbele yetu, kwa safari za mchana tu. Za usiku, ambako taa za magari zinapigana usoni, zilibaki kwa Sakafuni mpaka leo.

Toka wakati huo alikuwa mtu mwingine kwa jambo moja: alisema. Alipopata kikohozi, kabla muuza duka la dawa hajafungua kabati, alitanguliza kwamba ana dawa ya moyo, na kweli dawa aliyotaka kupewa ikabadilishwa, kwa kuwa haipatani na hiyo yake. Shemeji naye, alipoambiwa juisi ya balungi hairuhusiwi pamoja na dawa ile, alimrudishia kaka yake kapu zima la mabalungi pamoja na onyo. Na kwenye foleni ya dirisha la dawa, Mzee Taratibu alizoea kuinama kwa mgonjwa mgeni na kumuuliza kama amemsikiliza daktari hadi mwisho, au alishavaa kofia.

Watu wanaposifu madereva huhesabu safari. Zake ni nyingi mno, na Mungu ndiye mwenye hesabu. Sisi wenzake, tukiulizwa ipi ilikuwa kubwa kuliko zote, tutataja ile aliyoiendesha hadi getini tu. Ufunguo anaoukabidhi leo mbele ya Mkurugenzi, pamoja na makofi na picha, alishaukabidhi siku ile bila makofi, mama mmoja akiwa nyuma ya gari anasubiri.

Mzee wetu, asante kwa utulivu, kwa mzaha, kwa kila aliyefika akiwa hai kwa sababu hukuwa na haraka. Kula kwanza, ndipo umeze. Ukiona mwanga, sema. Shemeji, leo cheo cha Bi Mkubwa ni chako. Mwenyezi Mungu awape siku ndefu zenye raha, na awalinde popote mwendapo. Vioo tutavifuta sisi.